Tovuti ya PHP imeingiliwa mara ya tatu: kosa la lugha, la hosti au langu?

#1 Mtu_wa_Langoni
Salaam wana jamvi. Nina tovuti ya nyumba tatu za wageni hapa Amu, mbili mjini na moja Shela. Mbele ni WordPress, programu ya kujengea tovuti, na pembeni kuna fomu ya kuweka nafasi niliyoiandika mwenyewe kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, mwaka 2016. Ipo kwenye hosti ya kuchangia na wengine, nalipa kwa mwaka, paneli ya kuisimamia ni cPanel.

Shida ni hii. Mimi nikiandika anwani moja kwa moja, kila kitu safi. Mgeni akitafuta Google akabofya, anatupwa kwenye tovuti ya kamari. Nimejua baada ya mama mmoja wa Ujerumani kunipigia akauliza kama nyumba imeuzwa. Nimesafisha mara tatu tangu Ramadhani. Nafuta index.php, naweka mpya, inakaa siku nne tano, inarudi vilevile. Ndani yake kuna mstari mmoja mrefu kama kamba ya jahazi, unaanza na `eval(base64_decode(`, yaani fumbua maandishi yaliyofichwa kisha uyaendeshe.

Rafiki yangu wa Mombasa anasema niachane na PHP, eti ndiyo ugonjwa wenyewe. Hosti wanasema kodi yangu mbovu, yaani programu nilivyoiandika. Mimi nawashuku hosti. Mwenye ujuzi aseme.

#2 Bint_Mkomani
Langoni tena! Mlango wa mbele nakshi, mlango wa uani umefungwa kwa kamba ya makumbi. Toleo gani la PHP? Na usiseme "la kawaida".

#3 Mtu_wa_Langoni
7.4. Nilijaribu kupanda 8 siku moja, fomu ikawa ukurasa mweupe, nikarudi mbio.

#4 FundiChuma
7.4 iliacha kupewa viraka vya usalama tarehe 28 Novemba 2022. Tangu hapo tundu likigunduliwa, waliotengeneza PHP hawana habari na wewe. Lakini sidhani kama ndipo walipopitia. Kwa tovuti ndogo kama yako mara nyingi ni plagini, kile kipande cha nyongeza cha WordPress, iliyosahauliwa. Umeweka ngapi, na ngapi huzitumii?

Kwamba wewe huoni kitu na mgeni anaona, hiyo ni kawaida yao. Ile kodi inatazama mtu ametokea wapi. Akitokea Google, anatupwa. Akiandika anwani mwenyewe, anaachwa, maana huyo huenda ndiye mwenye tovuti. Nyingine humwekea kuki, alama ndogo kwenye kivinjari, mtu aliyekwishatupwa mara moja ili asitupwe tena, kwa hiyo hata ukipewa taarifa ukajaribu mara ya pili, huoni kitu. Ndiyo maana hugombana na wateja ukidhani wanakuzulia.

#5 Nanga72
Hapa naona watu wanazunguka mbuyu. PHP ni kichaka. Mwaka 2021, mwezi wa tatu, seva ya wenyewe wanaoitengeneza PHP iliingiliwa, wakapachika mlango wa siri ndani ya kodi ya PHP kwa jina la Rasmus Lerdorf, aliyeianzisha. Kama mwenye nyumba mwenyewe anaibiwa, mpangaji itakuwaje?

#6 Kaskazi_Malindi
@Nanga72 hadithi ni ya kweli, umeikata mkia. Kilichoingiliwa ni seva ya kuhifadhia kodi, si lugha. Wakaguzi waliiona mapema, haikufika kwenye toleo lolote lililotolewa kwa watu, na baada ya hapo wakahamia GitHub, ghala la kodi la mtandaoni. Mlango wenyewe ulikuwa ukitazama neno `User-Agentt`, lenye t mbili mwishoni, badala ya `User-Agent` ambalo kivinjari hujitambulisha nalo. T moja ya ziada ndiyo ilikuwa tundu la ufunguo.

Tovuti nyingi duniani zinaendeshwa kwa PHP. Wezi huenda penye watu wengi. Hata Malindi wachuuzi wa vinyago hawakai Ngomeni, wanakaa Silversands.

#7 Mzee_wa_Ngomeni
Ngomeni imefanya nini tena? Sisi tulirusha satelaiti tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru, wakati nyinyi wa Malindi mjini mnauza madafu.

#8 Kaskazi_Malindi
Mzee, waliorusha ni Wamarekani na Waitalia. Nyinyi mlikuwa mnatazama ufuoni.

#9 Mzee_wa_Ngomeni
Kutazama nako ni kazi.

#10 Sambusa_Moja
Turudi kwenye mada. Ukurasa mweupe ni kwa sababu `mysql_query`, amri ya zamani ya kuuliza hifadhidata, imeondolewa kwenye PHP 8. Badilisha hiyo tu, utapanda.

#11 FundiChuma
@Sambusa_Moja hapana. Zile za `mysql_` ziliondolewa kwenye 7.0, Desemba 2015. Angekuwa nazo, fomu isingefanya kazi hata kwenye 7.4. Ni kitu kingine. @Mtu_wa_Langoni rudi 8 kwa dakika tano, fungua faili la `error_log` ndani ya folda ya fomu, utuletee mstari wa mwisho. Usiwashe makosa yaonekane kwenye ukurasa. Ukiyaonyesha mbele ya watu, umewapa ramani ya folda zako zote.

#12 Mtu_wa_Langoni
Nimeleta: "Call to undefined function each()". Faili la fomu, mstari wa 88.

#13 FundiChuma
Basi ni hiyo. `each()` ilifutwa 8.0. Weka `foreach`, dakika kumi kazi imeisha. Miaka yote hii umekaa kwenye toleo lililokufa kwa kuogopa mstari mmoja, ndugu yangu.

#14 Bint_Mkomani
Mimi nimefungua fomu yako sasa hivi. Nimeandika jina Ng'ang'a nikabonyeza kutuma. Imenipa ukurasa mtupu. Nimeandika Nganga bila kile kituo cha juu ('), imekubali. Tuonyeshe mstari unaotafuta mgeni kwenye hifadhidata.

#15 Mtu_wa_Langoni
Huu hapa:
`"SELECT * FROM wageni WHERE jina = '$jina'"`
Kumbe! Kuna mteja wa Nairobi aliniandikia mwaka jana kwamba fomu inambagua. Nilidhani mtandao wake.

#16 Bint_Mkomani
Hakubaguliwa na mtandao. Hicho kituo kidogo cha Ng'ang'a kinafunga nukuu yako kabla ya wakati, na yote yanayofuata hifadhidata inayasoma kama amri. Mtu mwema ataandika jina lake. Mwizi ataandika amri yake. Kwa hiyo kila Nyong'o na Ng'ang'a aliyekataliwa alikuwa anakupigia hodi bure kukwambia mlango uko wazi, ukadhani ni makosa ya mwandiko.

Dawa yake si kuondoa vituo kwenye majina ya watu. Unaandika amri kwanza na kuacha alama ya kuulizia pale pa jina, unaipeleka, halafu ndipo unapeleka jina peke yake. PDO na mysqli, njia mbili za PHP za kuongea na hifadhidata, zote zinafanya, neno lenyewe ni `prepare`. Jina likija na vituo kumi, litabaki jina.

#17 Mwanagenzi
Shukrani dada, nimesoma kozi miezi sita sikuelewa hili hadi leo.

#18 Nanga72
Sasa si ndiyo nilivyosema? Lugha inayokuacha uandike hivyo ni kichaka.

#19 Bint_Mkomani
Python pia itakuacha ukiwa mvivu. Na Java. Kisu hakiulizi kama unakata samaki au kidole.

#20 Kaskazi_Malindi
Nikubaliane na Nanga nusu. PHP ya zamani ililea watu vibaya. Kulikuwa na `register_globals`, kitu alichokiandika mgeni kwenye anwani kinageuka kuwa kigezo ndani ya programu yako bila kukuomba. Kulikuwa na magic quotes zilizojiwekea zenyewe mikwaju (\) mbele ya vituo vya juu, watu wakadhani wamelindwa. Zote mbili ziliondolewa 5.4. Lakini mafunzo ya wakati ule bado yako mtandaoni, na wanafunzi wanayanakili. Lerdorf alianza 1994 na programu ndogo za C za kujua nani anasoma wasifu wake wa kazi, akaziachia watu 1995. Hakuwaza benki.

#21 Ukwaju_Baridi
Wote mnaongea kodi. Hakuna aliyeuliza kuhusu majirani. Kwenye hosti ya kuchangia, seva moja ina tovuti mamia. Kama mwenye hosti hakuwatenganisha vizuri, yaani PHP ya kila mteja haiendeshwi kwa jina la mteja mwenyewe, basi tovuti ya jirani ikiingiliwa, mwizi anaruka ukuta. Ni kama nyumba zetu za mjini, madari yamegusana, mwizi haingii kwa mlango. Ilinitokea. Nilisafisha wiki nzima, nikahamisha faili zilezile kwenye seva yangu ya peke yangu, haikurudi. Kwa hiyo mimi namuunga mkono Mtu_wa_Langoni kuwashuku hosti.

#22 FundiChuma
Inawezekana, lakini angalia ruhusa za faili kwanza. Jirani anaweza kuruka ukuta pale tu ulipomwekea ngazi. @Mtu_wa_Langoni folda ya uploads ni ngapi?

#23 Mtu_wa_Langoni
777. Picha zilikuwa zinakataa kupanda, nikaona mahali wameshauri hivyo.

#24 Bint_Mkomani
Yallah.

#25 FundiChuma
Folda 755, faili 644, na lile la siri za hifadhidata 600 au 640. 777 maana yake kila aliye kwenye seva ile anaweza kuandika humo. Picha ikikataa kupanda, shida ni mwenye faili, si ruhusa.

Tena zuia PHP isiendeshwe ndani ya uploads. Mle ni pa picha. Kama programu ya seva ni Apache, unaweka faili la `.htaccess` humo humo na amri ya kukataa `.php`.

#26 Kaskazi_Malindi
Nyongeza mbili. Kama seva inatumia programu nyingine, Nginx, hiyo `.htaccess` haisomwi kabisa. Nimeona watu wameiweka wakalala usingizi. Pili, usitazame mwisho wa jina tu. Kuna seva za Apache zilizowekwa kwa mtindo wa zamani ambazo faili likiitwa `roshani.php.jpg` linaendeshwa kama PHP. Mwizi anajua, ndiyo maana anakupa jina refu.

#27 Mwanagenzi
Lakini tovuti yake ina kufuli la HTTPS. Si ndiyo salama?

#28 Ukwaju_Baridi
Kufuli linalinda njia, si nyumba. Barua imefungwa bahasha kutoka kwa mgeni hadi seva, hakuna wa kuisoma njiani. Huko ilikofika kama mwizi ndiye anayeifungua, hilo halimo kwenye kufuli. Cheti cha bure cha Let's Encrypt hata tovuti ya kitapeli inapewa, ni cha siku 90 kinajihuisha chenyewe. Kuwa nacho ni lazima, kukitegemea peke yake ndiyo kosa.

#29 Dada_wa_Watamu
Nimesoma nikakumbuka yangu. Sisi tunauza safari za mashua kwenda hifadhi ya bahari ya Malindi. Tuliweka malipo ya M-Pesa kwenye tovuti kupitia Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha tovuti na M-Pesa. Mteja anaandika namba, simu inalia, anaweka PIN, halafu Safaricom wanaipigia tovuti yetu kusema amelipa. Kijana aliyetujengea alifanya hivi: anwani ya majibu ikipokea `ResultCode` 0, yaani malipo yamefaulu, nafasi inathibitishwa. Basi. Haulizi nani anayesema.

Jumamosi moja ya Desemba nimesimama ufuoni na orodha, mashua ina watu wanane, kumi na moja wamekuja na risiti za tovuti. Nahodha ananiangalia mimi, mimi naangalia simu. Kwenye tili kuna malipo ya wanane tu. Wale watatu wamekuja pamoja, wanacheka, wana risiti nzuri kuliko za wengine. Mmoja wao alikuwa ametuma ile sifuri mwenyewe.

Sikuwa na la kusema mbele ya Waitalia wanane waliokwishavaa maboya. Tukawapandisha.

#30 Mzee_wa_Ngomeni
Mngewatosa katikati.

#31 FundiChuma
Hilo si kosa la Daraja wala PHP, ni la aliyeandika. Ukituma ombi la malipo unapewa namba, `CheckoutRequestID`. Uihifadhi. Jibu likija, namba isiyokuwemo kwako itupe. Iliyomo, linganisha na kiasi, halafu uulize mwenyewe hali ya malipo kwa kupiga Daraja kabla ya kutoa risiti. Na anwani ya majibu usiiite `callback.php`, hilo kila mtoto analikisia.

#32 Dada_wa_Watamu
Ilikuwa inaitwa hivyo hivyo.

#33 Bint_Mkomani
@Mtu_wa_Langoni naomba usikasirike. Fomu yako inamtaka mgeni apandishe picha ya pasipoti. Picha zinaenda wapi?

#34 Mtu_wa_Langoni
uploads/pasi

#35 Bint_Mkomani
Nimeandika anwani hiyo kwenye kivinjari. Imenifungulia orodha nzima kama rafu ya duka. Nimefunga haraka, sikubofya picha hata moja, wallahi. Lakini nimeona majina ya faili, na majina ya faili ni majina ya watu.

Hii ndiyo iliyonitisha kuliko kamari. Kamari inamuaibisha mwenye tovuti, pasipoti ni ya mtu mwingine. Usingoje kusafisha. Sasa hivi, kwa simu, ingia cPanel, hamisha folda hiyo juu ya `public_html`, mahali ambapo kivinjari hakifiki. Baadaye utaandika kijifaili cha PHP kinachozisoma kwa aliyeingia na paswadi tu.

#36 Ukwaju_Baridi
Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019: taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli kwao, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Saa yako imeanza kwenye #35.

#37 Mtu_wa_Langoni
Nimehamisha. Mikono inatetemeka. Wageni wenyewe nawaandikia usiku huu.

#38 Nanga72
Kwa nini ulikuwa unazihifadhi kabisa? Mgeni akifika unaiona pasi, unamrudishia.

#39 Mtu_wa_Langoni
Sina jibu zuri. Niliona mahoteli makubwa wanafanya.

#40 Sambusa_Moja
Bado hatujasema kwa nini inarudi kila siku ya nne. Mimi nasema themu, yaani sura ya tovuti ya WordPress. Umenunua au umepakua ile ya bure isiyo ya bure?

#41 Mtu_wa_Langoni
Alinipa mtu kwenye flashi.

#42 Sambusa_Moja
Nimemaliza. Themu za kulipia zinazogawiwa bure mara nyingi zimekwishatiwa mlango ndani. Unasafisha index.php, themu inaandika upya. Huo ndio mwisho wa kesi.

#43 FundiChuma
Si mwisho. Themu ingeandika mara tu ukurasa unapofunguliwa, isingengoja siku nne. Kitu chenye ratiba ni kroni, amri inayojiendesha yenyewe kwa muda uliopangwa. @Mtu_wa_Langoni tazama Cron Jobs kwenye cPanel. Tena tazama watumiaji wa WordPress, na folda ya `mu-plugins`. Vilivyomo humo havihitaji kuwashwa, na havionekani kwenye orodha ya plagini za kawaida.

#44 Mtu_wa_Langoni
Kroni ipo moja nisiyoijua. Inachota faili kutoka anwani ya ng'ambo na kuiendesha. Watumiaji: mimi, ndugu yangu, na mmoja anaitwa `wpadmin_` wa mwaka jana, mwezi wa Novemba. mu-plugins hamna kitu.

#45 FundiChuma
Ndiyo hiyo.

#46 Ukwaju_Baridi
Hiyo ni namna inavyorudi, si namna ilivyoingia mara ya kwanza. Kroni haiwekwi na plagini ya WordPress hivi hivi. Aliyeiweka alikuwa na paswadi ya cPanel, au hosti imempa nafasi ya kuendesha amri. Mimi bado niko kwa majirani.

#47 Kaskazi_Malindi
PHP yenye `exec`, amri ya kuendesha programu za seva, iliyo wazi inaweza kuweka kroni bila paswadi ya mtu. Waulize hosti kama wameifunga kwenye `disable_functions`.

#48 Dada_wa_Watamu
Au paswadi. Uliwahi kuingia cPanel ukiwa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi?

#49 Mtu_wa_Langoni
Novemba mwaka jana umeme ulikatika siku mbili mtaani, nikaenda saiba karibu na Mkunguni. Lakini ndugu yangu naye paswadi yake ni jina la punda wake.

#50 Bint_Mkomani
Lile punda linalofungwa mbele ya nyumba na kuitwa kwa sauti kila asubuhi?

#51 Mtu_wa_Langoni
Ndilo.

#52 Mwanagenzi
Naomba kuuliza, paswadi za wateja mnazihifadhi kwa md5, ile njia ya kuzifumba?

#53 Kaskazi_Malindi
Haraka: hapana. `password_hash` ipo tangu 5.5, na `password_verify` ya kukagua. Md5 inavunjwa haraka mno. Fungua uzi wako tukujibu vizuri.

#54 Mtu_wa_Langoni
Mrejesho, siku ya 11. Niliyofanya: PHP 8.3, `foreach`, `prepare` kila mahali, themu ya flashi nimeitupa, plagini kutoka 19 hadi 5, ruhusa nimerudisha, kroni na yule `wpadmin_` nimefuta, paswadi zote mpya pamoja na ya hifadhidata, na zile chumvi za `wp-config`, maneno ya siri ya WordPress, nimebadilisha ili kila aliyekuwa ndani atoke. Ndugu yangu amepewa paswadi ndefu, hanisemeshi. Hosti niliwauliza kuhusu `exec`. Hawakujibu, ila kesho yake nikakuta imefungwa.

#55 Ukwaju_Baridi
Imefungwa kesho yake. Naomba watu wasome sentensi hiyo mara mbili.

#56 Sambusa_Moja
Au ni themu. Ameitupa, imeacha kurudi.

#57 FundiChuma
Amebadilisha vitu kumi kwa pamoja, sasa kila mmoja ana ushahidi wake.

#58 Mzee_wa_Ngomeni
Nimetafuta Google hivi sasa kwa simu ya mjukuu, nikabofya. Imenipeleka kwenye kamari.

#59 Mtu_wa_Langoni
Mzee usinitanie. Simu hiyo iliwahi kuifungua kabla? Futa kashe na kuki ujaribu tena.

#60 Mzee_wa_Ngomeni
Mjukuu amefuta. Sasa imefunguka sawasawa. Hiki chumba chenye roshani inayotazama mlango wa bahari, bei gani kwa usiku mbili?